Mguu Uliosimama

Ukishuka matatu pale Race Course Road, katikati ya Nairobi, hutaona farasi hata mmoja. Utaona mikokoteni, makanga wanaogonga mabodi ya magari, mama wa mahindi choma, na watu wanaokimbilia basi la kwenda mashambani kabla nauli haijapanda. Nimepita hapo miaka mingi bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Jina la barabara ni kama jina la mtu, ukishalizoea hulisikii tena.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, kaka yake mama. Tulikuwa tumeketi kwake Kibera, chai imepoa, nikalalamika juu ya foleni ya Race Course Road. Akacheka. "Wewe unafikiri wazungu walikuwa wanakimbia wenyewe hapo?" Kisha akaniambia alichosikia kwa wazee waliomfundisha kazi: kwamba uwanja wa kwanza wa mbio za farasi mjini ulikuwa upande ule wa Kariokor, na barabara ndiyo iliyokuwa inaelekea huko. Mwaka 1954 mbio zilihamishiwa Ngong Road, magharibi mwa mji, na hapo ndipo zilipo hadi leo. Farasi walihama, jina likabaki limesimama barabarani.

Mjomba alijua kwa sababu alikuwa saisi. Alitunza farasi wa watu kwa zaidi ya miaka 20 katika mazizi ya Karen na Langata. Na kila alipotaka kunieleza kazi yake, hakuanza na mbio wala vikombe. Alianza na mguu mmoja, mguu wa mbele wa kushoto wa farasi mwekundu, ambao kwa maneno yake "ulisimama kama nguzo ya stima".

Ngoja kwanza niseme juu ya neno hili, saisi. Ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mtu anayemtunza na kumwongoza mnyama. Pwani lilifika moja kwa moja, pamoja na farasi walioletwa kwa majahazi kutoka Uarabuni. Bara lilikuja kwa njia ndefu zaidi: lilitoka Uarabuni likaenda Bara Hindi, Waingereza wakaliokota huko, wakaliandika kwa tahajia yao, wakaja nalo Nairobi pamoja na reli. Kwa hiyo kijana kutoka Kericho au Kakamega aliyeajiriwa zizini mwaka 1920 aliitwa kwa neno la Kiarabu lenye lafudhi ya Kihindi katika mdomo wa Mwingereza. Na kuna jambo jingine. Neno hilo lina shina moja na neno letu siasa. Kwa Waarabu wa zamani, siasa ilikuwa kwanza kazi ya kumtunza na kumfundisha farasi, na baadaye ndipo ikawa kazi ya kuwaongoza watu. Nilipomwambia mjomba hivyo alisema tu, "Basi mimi ni mwanasiasa mstaafu. Pensheni yangu iko wapi?"

Sasa mguu.

Chini kabisa ya mguu wa farasi kuna kwato. Ukipanda juu unakuta kipande kifupi kabla hujafika kwenye kifundo. Watu wa farasi wanakiita pasteni kwa Kiingereza chao. Mjomba alikiita shingo ya kwato, nami nitafuata lugha yake. Kwa farasi aliyeumbwa vizuri shingo hii hulala mshazari. Katika miguu ya mbele hulala kwa nyuzi kama 45 hadi 50 kutoka ardhini, na miguu ya nyuma husimama kidogo zaidi. Ulalo huo una kazi yake. Kwato inapogonga chini, uzito wote wa mnyama wa kilo 450 au 500 unashuka juu ya mguu mmoja. Kifundo kinazama, kano za nyuma ya mguu zinavutika kama mpira, halafu zinarudi na kumsukuma mnyama mbele. Kishindo kinagawanywa, kinachukua muda, kinapungua.

Kwa farasi ambaye shingo ya kwato imesimama, kifundo hakizami vya kutosha. Kishindo hakina pa kupotelea. Kinapanda moja kwa moja mfupani, kwato hadi kifundo, kifundo hadi goti. Hatua zake huwa fupi, za kudunda, na aliyempanda anazihisi mgongoni. Miaka ikipita, mifupa inalipa. Maungio hupata baridi yabisi. Mfupa mpya huota kuizunguka shingo ya kwato kama kidonda kilichogeuka jiwe. Gegedu za pembeni mwa kwato hukauka na kuwa mfupa. Na ndani kabisa ya kwato, upande wa nyuma, kuna mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi ambao kano hupita juu yake. Huo ukianza kuuma, farasi hunyoosha mguu mbele akiwa amesimama, kama mzee anayepumzisha goti.

Lakini umbile hilo halina ubaya mtupu, na hapa mjomba alikuwa akiinua kidole. Farasi mwenye shingo ndefu iliyolala sana humpa mpandaji raha kama kiti cha sofa, lakini kano zake zinavutwa kupita kiasi na siku moja zinachanika. Aliyesimama huziokoa kano na kuiumiza mifupa. "Kila mguu una deni lake," alisema. "Saisi kazi yake ni kujua linadaiwa wapi."

Deni hilo hudaiwa zaidi pale ardhi ilipo ngumu, na Nairobi ni mji wa ardhi mbili. Ukitoka katikati ya mji kwenda magharibi, Kawangware, Dagoretti, hadi Karen, unakanyaga udongo mwekundu wa milimani, unaopitisha maji vizuri. Ukishuka kuelekea nyanda za Athi unakuta ule udongo mweusi, ambao kila Mnairobi anaujua kwa viatu vyake. Masika unanata hadi unakuvua kiatu. Kiangazi unapasuka, na unakuwa mgumu kama saruji. Katikati ya hizo mbili kuna barabara za changarawe na lami. Januari na Februari, kabla mvua ya Machi haijafika, mahali popote pasipo na nyasi nzuri ni pagumu kwa mguu uliosimama.

Kwa hiyo kazi ya mjomba na yule farasi mwekundu ilianza alfajiri, kabla ya mtu mwingine kuamka. Alishika kwato zote nne kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kutafuta joto. Kisha akaweka vidole viwili nyuma ya kifundo, mahali ambapo mshipa wa damu unapita, akahesabu. Mshipa ukipiga kwa nguvu na kwato ikiwa moto, hakuna kazi siku hiyo, hata kama mwenye farasi amealika wageni. Ikiwa baridi, farasi alitembezwa kwa mguu robo saa au zaidi kabla ya kukimbia polepole, maana maungio makavu hayapendi haraka. Alipitishwa kwenye nyasi za kando ya barabara na vijia vya msitu wa Ngong Road, ambako majani yaliyooza hufanya ardhi kuwa laini, na kamwe hakukimbizwa kwenye lami. Hakuzungushwa kwenye duara dogo, kwa sababu mguu unaozunguka hubeba uzito upande mmoja. Hakurushwa viunzi kila siku. Mchana aliachwa malishoni atembee mwenyewe, kwa kuwa farasi aliyefungiwa zizini hukauka maungo. Na chakula kilipimwa: kila kilo isiyo ya lazima ni kishindo cha ziada.

Kila wiki tano au sita alikuja fundi wa kwato. Hapo mjomba alitoa kijiti chake, kipande cha mti kilichonyooka, akakiegemeza mbele ya mguu kuanzia shingo hadi ncha ya kwato. Kijiti kilitakiwa kugusa kote bila mwanya. Mstari wa kwato ufuate mstari wa shingo: hiyo ndiyo sheria. Shingo ikisimama, kwato nayo isimame vivyo hivyo. Huwezi kuulaza mfupa kwa kukata kucha.

Sheria hiyo inaonekana ndogo. Nitairudia baadaye, maana ndiyo iliyomfukuzisha kazi.

Nilipoanza kusoma historia ya farasi wa Nairobi, nilitafuta watu kama yeye. Nikawakuta wenye farasi, wakufunzi, wapandaji, magavana waliotoa vikombe. Mbio zilianza hapa mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache tu baada ya reli kufika mwaka 1899, wakati mji ulikuwa mahema na mabati. Wazee wa mji bado husimulia kwamba barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue ilipimwa pana ili mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka. Mnyama alikuwa ndiye kipimo cha mji. Lakini mtu aliyemshika mnyama kamba hakuandikwa.

Agosti 1914 vita vilipotangazwa, walowezi walikuja mjini na farasi wao na kupiga kambi penye uwanja wa mbio. Wakaunda kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles, na Novemba wakapigana na Wajerumani Longido. Vita vilipoteremka kusini mwaka 1916, farasi wakaingia nchi ya mbung'o na ya ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Wakafa kwa maelfu, njiani, wakiwa bado na matandiko mgongoni. Mnyama alipokwisha, serikali ikachukua watu. Kariakoo na Kariokor ni jina moja, ni Carrier Corps iliyotamkwa na walioitumikia: mamia ya maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa njaa na kuhara kuliko risasi. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa huko huko upande wa uwanja wa mbio. Basi Race Course Road na Kariokor ni majirani kwenye ramani, na katika historia pia ni majirani: farasi aliposhindwa kubeba, mzigo ulihamia kichwani kwa mtu. Hakuna aliyeshika miguu ya mtu huyo alfajiri kutafuta joto.

Saisi mmoja alipata bahati ya kuandikwa. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto, akakulia Njoro katika zizi la baba yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Dunia inamjua zaidi kwa kuruka na ndege juu ya Atlantiki mwaka 1936, lakini riziki yake ya muda mrefu ilikuwa farasi, na farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara sita. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 anasimulia juu ya arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, ambaye baba yake alikufa katika vita hivyo hivyo vya Wajerumani. Wakiwa watoto walicheza pamoja kama sawa na sawa. Walipokuwa watu wazima, mmoja akawa mwajiri na mwingine mtumishi.

Kisa ninachokirudia ni cha farasi jike aliyeitwa Wise Child. Alifika kwao akiwa na kano zilizoharibiwa na mazoezi mazito ya mahali pengine. Wakamrudisha polepole, wakimfanyisha kazi kwenye ardhi laini kando ya ziwa katika Bonde la Ufa, badala ya uwanja mgumu. Akashindana Nairobi katika mbio za St Leger, miguu imefungwa bandeji, akashinda. Deni lake lilikuwa la kano, si la mfupa kama la farasi wa mjomba, lakini dawa inafanana: ardhi laini, subira, na mikono inayojua. Kitabu kina jina moja mgongoni. Mikono ilikuwa minne.

Markham alifariki Nairobi mwaka 1986. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa Ngong. Mjomba alimwona mara kadhaa kwa mbali, bibi mrefu mwenye nywele nyeupe, akiangalia farasi wakipita asubuhi. "Alikuwa haangalii kichwa," alisema. "Alikuwa anaangalia miguu."

Uwanja huo wa Ngong ulifunguliwa, kama nilivyosema, mwaka 1954. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Walikamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kambi ya Langata kuchujwa, na wengi wao wakasafirishwa hadi Manyani na Mackinnon Road. Langata na Ngong Road haziko mbali. Kwa hiyo kuna mwaka mmoja ambapo upande huu wa mji ulitandazwa nyasi kwa ajili ya miguu ya farasi, na kilomita chache tu kutoka hapo watu waliketishwa chini nyuma ya seng'enge wakisubiri kuonyeshwa kidole. Sisemi kwamba farasi walikosa. Farasi hajui ni mwaka gani. Nasema tu kwamba jiji lilijua namna ya kutunza mwili, lilipotaka.

Tumrudie farasi mwekundu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa ameshaacha mbio, na kama farasi wengi wanaotoka Ngong alikuwa amepata maisha ya pili, ya kupandwa na watoto na kuruka viunzi vidogo. Kwa miaka minne mjomba alimweka mzima. Kisha zizi likapata mwenyewe mpya, mtu mwenye haraka. Alitazama ule mguu akaona ubaya wa macho: umesimama mno, hautauzika. Akamwagiza fundi mgeni akate visigino vya kwato viwe vifupi, ili mguu uonekane umelala.

Mjomba alitoa kijiti. Akasema, "Samahani bwana, mstari utavunjika." Na ndivyo ilivyo kweli: kisigino kikishushwa, kwato inalala lakini mfupa wa shingo hausogei, kwa hiyo mstari unapinda mahali kwato na shingo zinapokutana. Kano ya nyuma inavutwa, inaukandamiza ule mfupa mdogo wa mtumbwi. Kwa farasi ambaye mfupa huo tayari unabeba kishindo cha miaka, ni kumwongezea deni juu ya deni.

Jibu alilopewa nimelisikia mara nyingi maishani, katika ofisi na si zizini tu: kazi yako ni kusafisha, si kufikiri.

Visigino vilikatwa Jumanne. Jumamosi farasi alikuwa akichechemea. Ilikuwa Februari, ardhi kavu. Daktari wa mifugo aliitwa, akapiga picha za eksirei, akasema apumzishwe na visigino viachwe viote. Lakini mwezi uliofuata mwenye zizi alimwambia mjomba kwamba farasi aliharibika mikononi mwake, akampa mshahara wa siku alizofanya kazi. Hakukuwa na barua. Alitembea kutoka Karen hadi Kibera na begi lake. Farasi aliuzwa nje ya Nairobi.

Nilimuuliza mjomba kama ana hasira. Alifikiri. Akasema hasira yake haikuwa ya kufukuzwa. Masaisi hufukuzwa, ni kawaida. Ilikuwa ya visigino. "Kucha inachukua karibu mwaka mzima kuota kutoka juu hadi chini. Mwaka mzima yule farasi anatembea kwenye kosa la dakika kumi."

Mwaka jana nilimpeleka Ngong, Jumapili ya mbio. Alikuwa hajaingia tangu enzi zile. Katikati ya uwanja watu walikuwa wakicheza gofu, watoto walikuwa wakilamba aiskrimu, wachache walishika tiketi za kamari. Programu ya mbio ilikuwa na jina la farasi, baba na mama yake, mwenye farasi, mkufunzi na mpandaji. Mjomba aliisoma yote kwa kidole, akaikunja.

Hatukukaa jukwaani. Alitaka kusimama pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, wakiongozwa na vijana waliovaa fulana zenye namba. Farasi wa nne alipopita, mjomba alinigusa mkono. "Mwone huyo. Wa mbele kushoto."

Nilitazama. Kwa mara ya kwanza niliona bila kuambiwa: shingo fupi, imesimama, hatua ya kudunda. Na kwato nayo imesimama vilevile, mstari mmoja ulionyooka kutoka kifundo hadi chini.

Kijana aliyemwongoza alikuwa kama wa miaka 20. Mjomba alimsalimia alipokaribia.

"Hujambo, mwanangu. Huyo unamtembeza wapi asubuhi?"

Kijana alishangaa kidogo, halafu akajibu kwa heshima, "Shikamoo mzee. Msituni. Huku nje kumekauka sana."

"Marahaba," mjomba akasema. "Vizuri."

Kengele ikalia, wakaelekea uwanjani. Hatukubashiri farasi yeyote. Mjomba aliegemea ua, akawa anaangalia chini, kwenye nyasi, mahali miguu inapopita.